Maji “kwa mserereko”: neno liandikwe na vipimo vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie maneno mawili ambayo hayakosekani katika habari za miradi ya maji: kwa mserereko. Leo tunasoma “maji yatawafikia wananchi kwa mserereko”, kesho tunasoma “mradi utajiendesha kwa mserereko, hivyo hautakuwa na gharama”. Sentensi ya kwanza inaweza kuwa kweli. Ya pili haiwezi, na wanaoumia kwa kuiamini ni watu wa vijijini ambao miaka miwili baadaye wanarudi kuchota mtoni.

Kwa fundi wa maji, kwa mserereko ni kielezi chenye maana moja: maji yanakwenda kwa uzito wake yenyewe, kutoka palipo juu hadi palipo chini, bila kusukumwa na pampu. Basi. Hakisemi kwamba maji ni mengi, wala kwamba presha ni nzuri, wala kwamba kila nyumba iliyo upande wa chini itapata. Kinakaa vizuri na vitenzi vya mwendo: maji hushuka, husafiri, hufika kwa mserereko. Kikiunganishwa na “kujiendesha” au “kuhudumiwa” kinaacha kueleza na kuanza kuahidi. Siku hizi kimezoeleka pia katika utumishi wa umma, pale mtumishi aliyecheleweshewa daraja anapopandishwa kwa mserereko, na nadhani matumizi hayo yameongeza fikra kwamba mserereko ni njia ya mkato. Kwenye bomba hakuna mkato. Kila mita ya mwinuko inahesabiwa, na ikishatumika haitumiki tena.

Kosa linalojirudia zaidi ni kutotaja mserereko unaanzia wapi. Huandikwa kwamba maji ya Ziwa Victoria yanafika Shinyanga na Kahama kwa mserereko. Uso wa ziwa uko kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na Kahama iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo maji hayawezi kujipeleka. Yanachukuliwa ziwani kule Ihelele, wilayani Misungwi, yanasafishwa, kisha pampu zinayapandisha hadi kwenye tanki kubwa la kilima cha Mabale. Mserereko unaanzia Mabale. Umeme ukikatika Ihelele, maji yanaendelea kushuka kwa muda ule tu ambao tanki la Mabale bado lina akiba. Msomaji aliyeambiwa “mserereko” peke yake hawezi kuelewa kwa nini bomba lake limekauka. Kwa upande mwingine, chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo Magharibi, nchini Kenya, ni mfano wa mserereko unaoanzia kwenye chanzo chenyewe: maji yake huteremka kwa bomba zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa.

Kuna tofauti nyingine ambayo wenyeji wa Kilimanjaro wanaijua vizuri, maana wazee wao walichimba mifongo, yaani mifereji ya kienyeji ya maji, kwa vizazi vingi. Mfongo ni mserereko wa wazi. Unafuata ubavu wa mlima, unashuka kidogo kidogo, na hauwezi kupanda hata shubiri moja. Bomba lililojaa maji lina tabia yake tofauti: linaweza kushuka bondeni na kupanda kilima cha pili, mradi kilima hicho kisivuke mstari wa msukumo. Mstari huo hauonekani kwa macho. Unaanzia kwenye uso wa maji pale chanzoni, na kadiri maji yanavyosafiri unashuka taratibu kwa sababu ya msuguano ndani ya bomba. Popote bomba linapopita chini ya mstari, maji yana presha. Bomba likipanda juu ya mstari, presha inakuwa pungufu kuliko ya hewa ya nje. Hapo hewa inajikusanya, na kwenye viungo vilivyolegea bomba linaanza kunyonya maji machafu ya udongoni badala ya kuvuja. Hili la kunyonya ndilo la hatari, kwa sababu halionekani: hakuna tope juu ya ardhi, lakini watoto wanaharisha.

Ndiyo maana haitoshi kupima chanzo na kijiji tu. Kila nundu na kila bonde katikati lazima lipimwe. Mwinuko unaosomwa kwenye simu unaweza kukosea mita 10 au zaidi, na katika mradi wa mserereko mita 10 ndizo zinazoamua kama koki ya mwisho itatoa maji au hewa. Kama hakuna kifaa cha upimaji, mpira mwangavu wa nusu inchi wenye urefu wa mita 15, ule wanaotumia mafundi ujenzi kuhamisha levo, unatoa jibu la kuaminika kwa umbali mfupi. Mpira ujazwe maji taratibu, ukaguliwe usiwe na hata povu moja la hewa, na kila usomaji urudiwe kwa kubadilishana ncha. Kazi inachosha, lakini inaokoa kilomita nzima za mtaro.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo ahadi nyingi huvunjika. Tuseme chemchemi iko mita 40 juu ya tanki la kijiji na umbali ni kilomita 5. Watu husikia mita 40 wakadhani ni nyingi. Zigawanye kwa umbali: unapata mita 8 za kutumia kwa kila kilomita. Katika bomba la plastiki lenye tundu (kipenyo cha ndani) la milimita 50, kupitisha lita 1 kwa sekunde kunakula mita 6 hivi za mwinuko kwa kila kilomita. Kwa mita 8 ulizo nazo, litapita kama lita 1.15 kwa sekunde, sawa na lita laki moja kwa siku. Ukilaza bomba lenye tundu la milimita 75 kwenye mtaro uleule, kutoka chanzo kilekile, utapata zaidi ya lita 3 kwa sekunde. Tundu limeongezeka kwa nusu tu, maji yameongezeka karibu mara tatu. Na ukijaribu kupitisha lita 2 kwenye lile la milimita 50, msuguano unapanda hadi mita 22 hivi kwa kilomita, mwinuko ambao huna. Hapo hata chemchemi ikiwa na maji ya kufurika, yatamwagika chanzoni na kijiji hakitayaona.

Wanaonunua mabomba wawe waangalifu hapa. Mabomba ya poli yanauzwa kwa kipenyo cha nje. Bomba lililoandikwa milimita 50 la daraja la PN16, yaani la kubeba presha ya baa 16, lina ukuta wa milimita 4 na nusu hivi kila upande, kwa hiyo tundu lake ni kama milimita 41. Mchoro ukisema tundu la 50 na ghala likatoa bomba la 50, mradi unapoteza karibu asilimia 40 ya maji kabla haujazinduliwa, na hakuna atakayejua kwa nini. Kwa tundu la milimita 50 na ushee, katika daraja hilo, anunue bomba la milimita 63.

Chanzo nacho kipimwe wakati wake. Kwa sehemu kubwa ya nyanda zetu wakati huo ni mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba kabla mvua hazijaanza, kwa sababu chemchemi ya mwezi wa Aprili humpendeza kila mtu. Zuia maji yote yapite kwenye kipande kimoja cha bomba, weka ndoo ya lita 20, hesabu sekunde, rudia mara tatu uchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 16, una lita 1.25 kwa sekunde. Usizichukue zote: walio chini ya chanzo, watu na mifugo, wana haki yao.

Presha ni habari ya pili, na inaeleweka vibaya kuliko msuguano. Kila mita 10 za kimo cha maji zinaleta presha ya baa 1 hivi. Maji yakiwa yamesimama, presha inategemea kimo peke yake, bila kujali urefu wa bomba, unene wake au njia linayopita. Kwa hiyo presha kubwa kabisa katika mradi wa mserereko haitokei mchana watu wanapochota. Inatokea usiku wa manane koki zote zikiwa zimefungwa. Mabomba hupasuka usiku, na watu husingizia wahuni. Chanzo kikiwa mwinuko wa mita 1,900 na kijiji mita 1,720, koki za kijiji zinabeba usiku uzito wa mita 180 za maji, yaani baa 18. Bomba la PN10 limetengenezwa kustahimili baa 10, na hata la PN16 haliwezi kazi hiyo.

Dawa yake ni matanki madogo ya kupunguza presha yanayojengwa njiani. Kwa mfano wetu, moja liwe mita 1,840 na jingine mita 1,780. Maji yakimwagika ndani ya tanki hilo yanakutana na hewa, presha inarudi sifuri, na safari inaanza upya. Kila kipande sasa kinabeba mita 60 tu, na PN10 inatosha bila wasiwasi. Ndani ya tanki kuna valvu ya boya inayofunga maji yakijaa. Boya hilo ndilo moyo wa mradi na ndilo linaloachwa bila matunzo. Likivunjika mkono, maji yanamwagika mchana na usiku kwenye bomba la kufurikia, na vipande vya chini vinakosa. Likikwama limefunga, kijiji kinakauka. Halafu kuna kosa baya kuliko yote: mtu anayetaka presha zaidi nyumbani kwake, au fundi aliyechoka kutengeneza boya, anaunganisha bomba la juu moja kwa moja na la chini na kuliruka tanki. Siku ile ile watu wanafurahi, koki zinaruka. Usiku, kipande kilichojengewa mita 60 kinabeba mita 120, na asubuhi kuna dimbwi katikati ya shamba la mahindi. Nawasihi wenyeviti wa vijiji wasikubali tanki la kupunguza presha lirukwe hata kwa siku moja.

Kwenye mabomba ya chuma, kama yale yanayovuka mito na miamba, kufunga valvu kwa haraka ni hatari ya peke yake. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla hutoa kishindo cha presha sawa na mita 100 hivi za maji juu ya presha iliyokuwepo. Valvu kubwa ifungwe taratibu, zamu kwa zamu, kwa dakika kadhaa.

Hewa inastahili maelezo marefu, kwa sababu ndiyo inayowashangaza watu. Chanzo kimejaa, hakuna mahali panapovuja, na bado koki ni kavu. Bomba linapojazwa kwa haraka, maji yanaruka juu ya nundu na kuteremka upande wa pili yakiwa yamefungia hewa nyuma yake. Hewa hiyo inabaki kwenye mteremko, na kimo chake kinatolewa kwenye mwinuko wako. Nundu tatu, kila moja ikifungia hewa yenye kimo cha mita 15, zinakula mita 45. Wewe ulikuwa na 40. Maji yanasimama kabisa. Kinachofuata ni mafundi kuchimba kutafuta mpasuko ambao haupo, au mtu kutoboa bomba kwa msumari juu ya kilima. Hewa inatoka kweli na maji yanakwenda, lakini tundu hilo linabaki kuwa mvujo wa kudumu, na presha ikipungua linakuwa mlango wa uchafu. Penye nundu panahitaji valvu ya hewa ndani ya chemba yenye mfuniko, na penye bonde panahitaji valvu ya kutolea tope.

Baada ya matengenezo yoyote, ujazaji uende hivi. Hakikisha valvu zote za hewa zimefunguka. Fungua valvu za tope za mabondeni na koki za mwisho. Fungua chanzo kidogo tu, maji yasizidi mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde. Kwa bomba la kilomita 5 hii ni kazi ya saa 4 na nusu hivi, na haifupishwi. Maji yakifika bonde la kwanza, subiri yatoke mfululizo bila kukohoa, ndipo ufunge valvu hiyo taratibu na kwenda la pili. Koki ya mwisho ifungwe mwisho.

Malalamiko ya “walio juu hawapati” nayo yana sababu ya wazi. Koki za bondeni zikifunguliwa zote, maji mengi yanapita, msuguano unaongezeka, mstari wa msukumo unashuka, na kituo kilicho kwenye mwinuko kinabaki juu ya mstari. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Kiwango cha maji vijijini katika sera yetu ya mwaka 2002 kilikuwa lita 25 kwa mtu kwa siku na watu 250 kwa kituo kimoja cha kuchotea. Hizo ni lita 6,250 kwa siku, na koki inayotoa lita 0.2 kwa sekunde inazitoa kwa muda usiofika saa 9. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 100. Koki ya bondeni inayojaza ndoo kwa sekunde 20 inachukua sehemu ya watu wa kilimani. Valvu ya tawi la bondeni ibanwe hadi ndoo ijae kwa muda uliopangwa, kisha chemba ifungwe kwa kufuli, au iwekwe sahani ya chuma yenye tundu dogo ambayo haigeuziki. Anayeunga mpira wa kumwagilia kwenye bomba kuu kabla ya tanki anaharibu mpangilio huu wote, kwa sababu yeye yuko mahali ambapo maji hayajapimiwa mtu yeyote.

Wa mjini nao wana mserereko wao, kutoka tanki la plastiki lililo juu ya mnara. Tanki la lita 5,000 na la lita 500 yakiwa kwenye kimo kimoja yanatoa presha ileile. Mnara wa mita 3 unatoa baa 0.3, na hita nyingi za bafuni haziwaki kwa presha hiyo. Kununua tanki kubwa zaidi hakusaidii. Inua mnara, au peleka bomba la inchi moja hadi bafuni badala ya nusu inchi, msuguano upungue.

Na kuhusu “hautakuwa na gharama”: gharama inayoondoka ni ya umeme au dizeli. Zinabaki koki, boya, valvu, klorini, ujira wa anayekagua chanzo baada ya kila mvua kubwa na kuondoa majani na mchanga kwenye chujio, na akiba ya kubadilisha mabomba. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinachosimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kinapotoza malipo ya ndoo kwenye mradi wa mserereko, kinafanya kazi yake. Chanzo kinahitaji ulinzi pia: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na shamba la vitunguu linalosogea hadi ukingoni linaleta tope kwenye bomba. Maji yakienda chini ya nusu mita kwa sekunde, tope hilo linatua mabondeni na kuziba.

Ombi langu kwa waandishi wako, Mhariri, ni kwamba kila wanapoandika kwa mserereko waulize na waandike mambo manne: mserereko unaanzia wapi na kama kuna pampu kabla yake, mita ngapi za mwinuko kati ya hapo na kituo cha juu kabisa kitakachohudumiwa, bomba lina urefu gani na tundu gani, na chanzo kilitoa lita ngapi kwa sekunde kiangazi. Mhandisi wa wilaya anazo takwimu hizo kwenye mchoro wake, na kuzitaja hakuchukui zaidi ya sentensi mbili: “Maji yatashuka kwa mserereko kutoka chemchemi iliyo mita 40 juu ya tanki la kijiji, umbali wa kilomita 5, kwa bomba lenye tundu la milimita 75. Chemchemi ilipimwa Oktoba na ilitoa lita 4 kwa sekunde.” Mwanakijiji akisoma hivyo, anaweza kuchukua ndoo yake na saa yake siku ya uzinduzi na kupima mwenyewe.

Fundi sanifu wa maji,
Njombe